Gitaa la Taratibu na Afya ya Familia

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara na lishe ya watoto. Mwezi huu tunapenda tuangalie jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la afya: kusikiliza muziki wa taratibu nyumbani.

Muziki wa kazi na muziki wa kupumzika

Hapa Simiyu hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba muziki una nguvu. Ngoma ya bugobogobo huwapa wakulima mwendo mmoja wa jembe, na shamba la pamba hulimwa bila watu kuhisi uchovu mapema. Lakini mwili uliochochewa mchana kutwa unahitaji pia kutulizwa jioni. Kwa kazi hiyo, gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, linafaa sana.

Upo muziki wa Wamarekani weusi uitwao regitaimu, uliovuma mwishoni mwa karne ya 19. Mtunzi wake mashuhuri, Scott Joplin, alichapisha wimbo wa "Maple Leaf Rag" mwaka 1899. Ulianza kwenye piano, kisha wapiga gitaa wakauchukua: kidole gumba hupiga besi kwa mwendo usiobadilika, na vidole vingine hucheza sauti ya juu ikirukaruka kati ya mapigo. Joplin mwenyewe aliagiza katika baadhi ya nyimbo zake kwamba zisipigwe haraka.

Sisi Waafrika tunao ndugu wa muziki huo. Mwaka 1952 Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, alirekodiwa akipiga "Masanga" kwa gitaa kavu moja, kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Anayesikiliza hudhani wapo wapigaji wawili. Mwenda alikuwa wa kabila la Bayeke, ambao wazee wao walitoka upande wa Unyamwezi katika karne ya 19. Basi si mgeni kwa Wasukuma.

Muziki hufanya nini mwilini?

Mtu akiwa na hofu au hasira, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi na misuli hukaza. Akisikiliza muziki wa polepole anaoupenda, pumzi hurefuka na mapigo ya moyo huweza kushuka. Utafiti umeonyesha kwamba muziki hupunguza wasiwasi wa wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Vilevile watu wenye shida ya usingizi, wakisikiliza muziki mtulivu kila usiku kwa majuma kadhaa, wengi hulala vizuri zaidi.

Lakini tuelewane. Muziki hautibu shinikizo la damu. Unaweza kulishusha kidogo, nao haushiki nafasi ya dawa. Mama au baba aliyepimwa akakutwa na 140/90 au zaidi mara kwa mara anahitaji kuhudumiwa na mganga. Aliyekwisha kuandikiwa vidonge asiviache kwa sababu anajisikia nafuu, maana ugonjwa huu mara nyingi hauumi mpaka umeleta kiharusi. Ukiona mtu ameanguka upande mmoja wa uso, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, mpelekeni hospitali mara moja. Hali kadhalika, mwenye huzuni au kukosa usingizi kwa zaidi ya majuma mawili asiachiwe redio tu. Aende zahanati akazungumze.

Jinsi ya kufanya nyumbani

1. Chagueni muda wa nusu saa baada ya chakula cha jioni. Kazi na madeni yasizungumzwe wakati huo.

2. Chagueni muziki ambao wote wanaupenda. Muziki unaomkera mgonjwa haumtulizi, hata ukiwa wa taratibu.

3. Kama yupo kijana anayepigia kwaya gitaa, mwombeni apige. Anayejifunza aanze polepole: kwanza kidole gumba peke yake mpaka mwendo usiyumbe, ndipo aongeze vidole vingine. Apumzike vidole vikiuma.

4. Mgonjwa wa muda mrefu na mzee asiyetoka nje waulizwe wanapenda nyimbo gani za ujana wao. Mara nyingi mazungumzo huanzia hapo.

Tuyalinde masikio

Sauti kubwa huua chembechembe ndogo za kusikia zilizo ndani ya sikio, nazo hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma kwenye sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, muda ulio salama ni saa 4 tu kwa juma. Kipimo rahisi ni hiki: ikiwa mnalazimika kupaza sauti ili msikilizane na jirani aliye karibu, muziki umezidi. Kwenye harusi, watoto wasilazwe karibu na spika. Vijana wenye vipaza sauti vya masikioni wapunguze sauti na kuvivua mara kwa mara.

Maswali ya kujadiliana katika familia

1. Ni saa ngapi nyumbani kwetu kunakuwa na utulivu?

2. Nani kati yetu ana shinikizo la damu, na je, anameza dawa zake kila siku?

3. Watoto wetu husikiliza muziki kwa sauti ya kiasi gani?