Ekari Moja: Mahindi au Mbono?
Katikati ya miaka ya 2000, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, kampuni ya PROKON iliingia mikataba na maelfu ya wakulima wadogo ili wapande mbono, mti ambao wazee waliuzoea kama uzio. Mbegu zake hukamuliwa mafuta yanayoweza kuendesha injini ya dizeli. Lakini Rukwa ilikuwa pia miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi mahindi.

Tuanzie kwenye jua. Jani hutumia mwanga kuunganisha maji na hewa ukaa, likapata sukari. Hata zao lililostawi huhifadhi sehemu ndogo tu ya mwanga huo. Hindi huugeuza kuwa wanga, mbono kuwa mafuta. Sufuria na tangi la gari vinagombea jani.

Sasa tupige hesabu. Ekari ikitoa magunia 10 ya kilo 100, na mtu mzima akila gramu 600 kwa siku, mahindi hayo yatawashibisha watu wanne mwaka mzima na ziada ibaki. Mbono tuukadirie kwa ukarimu: kilo 1,000 za mbegu. Kilo nne zikitoa lita moja, tuna lita 250. Pikapu inayotumia lita 10 kwa kilomita 100 itatoka Mpanda hadi Dar es Salaam na kurudi, basi.

Watetezi wa mbono walisema hustahimili ardhi kavu, kwa hiyo haugusi chakula. Kustahimili ukame si kuzaa. Mbegu hubeba naitrojeni na fosforasi, na hizo hutoka udongoni. Mafuta yenyewe ni kaboni, haidrojeni na oksijeni tu, vitu vitokavyo hewani na majini; rutuba karibu yote hubaki kwenye mashudu. Anayeuza mbegu nzima ameuza na udongo wake. Tena mashudu ya alizeti ng'ombe hula, ya mbono yana sumu, yanafaa kuwa mbolea.

Kwa hiyo naona mahali pa mbono ni mpakani mwa shamba, na kinu kiwe kijijini ili mashudu yarudi shambani. Hata hapo kuna gharama. Kwenye kichala kimoja utakuta tunda la kijani, la njano na lililokauka. Matunda hayaivi pamoja, lazima mchumaji arudi mara kwa mara. Bei ya kilo isipolipa siku hizo za kuchuma, mkulima atakuwa ameiondoa mikono yake kwenye mahindi bure.