Je, Daktari Aweza Kumpumzisha Mzee Aliyepoteza Kumbukumbu?

"Daktari, mama hatujui tena. Usiku kucha anapiga mayowe. Hakuna sindano ya kumpumzisha?" Niliulizwa swali hili na bwana mmoja hapa Uriri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka.

Msomaji mpendwa, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, yaani dimenshia, si laana wala uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo, na aina nyingi hazina tiba.

Sheria yetu iko wazi. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 hulinda uhai wa kila mtu, na anayemsaidia mwenziwe kujiua aweza kufungwa maisha. Lakini je, huruma haidai zaidi ya sheria?

Tutazame Uholanzi. Sheria ya huko ya 2002 humruhusu mtu, akiwa na akili timamu, kuandika kwamba ugonjwa ukizidi daktari amkatishe maisha. Mwaka 2016 daktari alimfanyia hivyo mwanamke wa miaka 74 aliyeacha maandishi. Mgonjwa alishtuka akainuka, jamaa zake wakamshika. Daktari alishtakiwa, akaachiliwa mwaka 2019. Hata hivyo swali lilibaki: asikizwe nani, yule aliyeandika zamani au huyu anayeinuka sasa?

Kwetu ni wazee wachache wanaoacha maandishi. Basi anayeomba sindano si mgonjwa, ni mlezi, na uchovu wa mlezi ni rahisi kudhaniwa huruma.

Yule mama nilimpima. Alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Alipotibiwa, mayowe yalikoma. Kusahau hakukuisha, lakini nyumba ililala.

Kwa hivyo, mzee akihangaika, kwanza chunguza maumivu, homa, kufunga choo, meno mabovu na njaa. Mpeleke apimwe pia tezi ya shingo na upungufu wa vitamini B12, kwani hayo huvuruga akili na yana dawa.

Kifo kikikaribia kweli, si dhambi ya daktari kuacha mipira na sindano zisizosaidia, wala kutoa mofini kwa kipimo cha kutuliza maumivu. Huko si kuua.

Nanyi jamaa, gawaneni zamu za usiku. Asiyeweza tena kusema anataka nini, tusimsemee kwamba anataka kufa.