Sailensa Mpya: Isikilize Ukiwa Ndani ya Gari

*Fundi wa eksozi anawajibu wenye magari makubwa.*

Sailensa ya Land Cruiser yangu ya mkonga, injini 1HZ, imetoboka. Nikifunga ya moja kwa moja, gari litaongeza nguvu?

Kidogo mno, pengine usihisi. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo; inavuta taratibu, na sailensa haiigeuzi tabia. Utakachopata kwa hakika ni kelele, na hapo ndipo wengi wanapojutia hela zao.

Sailensa ya moja kwa moja ina bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Pamba inameza makali ya sauti, lakini mvumo mzito unapenya. Ile ya vyumba huugongesha moshi kwenye kuta, mawimbi ya sauti yakarudi na kumezana.

Sasa piga hesabu. Silinda sita hupiga mara tatu kila injini inapozunguka mara moja. Mizunguko 2,000 kwa dakika ni mapigo 100 kwa sekunde, na bodi ya mkonga ni boksi la bati: mvumo wa namna hiyo huigeuza ngoma. Gereji hutausikia. Utausikia ukishaipita Chalinze, na Morogoro bado. Kwa hiyo mwambie fundi aishikize tu kwanza, asiichomelee kabisa. Ingia barabara kuu, funga vioo, shika mwendo wako wa safari kwa dakika kumi. Ukijikuta unapandisha redio, rudi ubadilishe. Mimi mkonga ningeuwekea ya vyumba, basi.

Yangu ni Prado ya dizeli yenye turbo. Ni yale yale?

Hapana. Turbo hupenda moshi utoke bila kubanwa, na yenyewe hupunguza sauti, hivyo ya moja kwa moja inavumilika. Ila pima bomba zima. Kama kutoka mbele ni inchi mbili na nusu, sailensa ya inchi tatu ni urembo.

Nimeambiwa RAV4 yangu itolewe masega ya kusafishia moshi ili ipumue.

Usikubali. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo. Anayekwambia yanabana kabla hajayapima, huenda mteja keshampata.

Niko Tanga. Kila sailensa ninayofunga inaoza.

Chumvi ya bahari inakula nje, lakini adui mwingine yuko ndani. Mafuta yakiungua hutoa maji pia, na safari fupi za sokoni haziipashi sailensa moto wa kutosha kuyakausha. Ukiona katundu kadogo chini yake, ni ka kutolea maji, usikazibe. Nunua ya stenlesi, na uende dukani na sumaku mfukoni: daraja la 304 kwa kawaida halinasi, 409 hunasa. 409 si mbaya, hupata kutu ya juu juu tu, lakini usiilipie bei ya 304.

Wakati wa kufunga niangalie nini?

Taminali ya betri ichomolewe kabla ya kuchomelea. Bomba likae mbali na tangi na paipu za breki, lining'inie kwenye mipira yake, si kwa waya. Na mdomo utokeze nje kabisa ya bodi. Ukiishia chini ya gari, moshi huingia kupitia mlango wa nyuma, na gesi yenye sumu iliyomo ndani yake haina harufu. Abiria wa nyuma wataanza kuumwa kichwa mkadhani ni joto.