Kabla Hujaezua Paa

Ndugu mkulima, mavuno yakiisha kuingia ndani, katika skimu zetu kati ya Kitale na Bungoma huanza kusikika nyundo. Huyu anataka kuondoa nyasi na kuezeka mabati, yule anataka kubomoa kuta za udongo na kujenga kwa matofali. Hilo ni jambo jema. Nyumba nyingi za kwanza zilijengwa upesi na watu waliopata mashamba katika mpango wa eka milioni moja ulioanza mwaka 1962. Walisimamisha nguzo, wakakandika udongo, wakaenda haraka kulima. Leo wajukuu wao ndio wakaao humo, na mchwa wanakaa pamoja nao.

Somo hili si la kujenga. Ni la miezi iliyo kabla ya kujenga, kwa maana huko ndiko wengi wanakoharibikiwa. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa Ofisi ya Kilimo, na hesabu nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu. Basi tulipoamua kuitengeneza upya nyumba ya nyanya kule Naitiri, nilichukua kalamu na utepe, nikapima sakafu: mita 9 kwa mita 6. Nikasema, bati moja likishapandana na mwenzake hufunika kama senti mita 75, kwa hiyo safu 12 kila upande, na kila safu bati moja la mita 3. Jumla mabati 24. Nikayanunua. Tukaezua paa katikati ya Machi.

Fundi alipomaliza kusimamisha mbao za paa alinitazama, akaniuliza, “Mwalimu, ulipima nini?”

Nilikuwa nimepima sakafu, sikupima mteremko. Tazama, paa halilali chini kama mkeka. Kwanza hutokeza nje ya ukuta, tuseme nusu mita kila upande, ili mvua isiupige ukuta. Hivyo urefu wake si mita 9 bali 10, na safu ni 14, si 12. Tena paa hupanda. Ikiwa kilele kimeinuka mita moja na nusu juu ya kuta, basi kutoka kileleni hadi ukingoni ni karibu mita 3.9. Bati la mita 3 haliwezi kufika. Wala usidhani mabati mawili ya mita 2 yatatosha, kwani yakipandana senti mita 20 hubaki mita 3.8. Hapo nyanya angevujiwa ukingoni mwa ukuta wake. Tulihitaji mabati manne zaidi ya mita 3, na mengine 14 ya mita 2.5 ya kukatwa katikati ili kujaza mapengo. Jumla mabati 18 ambayo sikuyawekea hata shilingi moja.

Mvua haikuningoja nitafute fedha. Ilinyesha usiku juu ya magunia ya mahindi tuliyoyafunika kwa karatasi ya nailoni, na nyanya akalala jikoni kwa jirani wiki tatu. Mabati yale niliyanunua kwa fedha za mbolea. Mahindi ya mwaka ule yalitoka ya manjano, na eka iliyotupa magunia 20 mwaka uliotangulia ikatupa 11. Nyanya hakunilaumu. Alisema tu kwamba paa la nyasi alilolipiga babu halikuhitaji kalamu.

Basi, ndugu mkulima, anza na kalenda. Huku kwetu mvua kubwa huanza mwisho wa Machi au Aprili, na mahindi huvunwa kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Nafasi ya kukaa bila paa ni Januari na Februari, basi. Lakini Januari ndiyo pia miezi ya karo ya shule, na punde baadaye huja bei ya mbegu na mbolea. Kwa hiyo fedha za nyumba zitengwe mapema, mahali pake, na za shamba mahali pake. Ukiona za nyumba hazitoshi, usiguse zile nyingine. Jenga chumba kimoja mwaka huu. Nyumba ikichelewa mwaka mmoja hakuna alalaye njaa, lakini shamba likikosa mbolea ni shida ya nyumba nzima.

Jambo la pili ni kuzikagua kuta kabla ya kununua chochote. Fukua udongo kidogo chini ya kila nguzo, kisha choma nguzo kwa ncha ya kisu pale inapoingia ardhini. Mara nyingi juu ni nzima na chini ni unga mtupu. Nguzo ya namna hiyo haifai kubebeshwa paa jipya, na ni hasara kutia mabati mapya juu ya ukuta utakaoinama baada ya misimu miwili. Ikiwa nusu ya nguzo zimekwisha kuliwa, usiongeze viraka. Jenga ukuta mpya.

Wale wanaokaa katika nyumba kuukuu za masetla, hasa upande wa Kitale, watazame paa vizuri. Paa la vigae vipana vya kijivu, vigumu kama saruji na vyenye mawimbi, huenda ni asbesto. Kenya ilikataza asbesto mwaka 2006, kwa kuwa vumbi lake likivutwa puani huleta maradhi ya mapafu, hata saratani. Usilipasue, usilikate kwa msumeno, wala usiwape watoto vipande wachezee. Likae vivyo hivyo mpaka umewauliza watu wa mazingira, NEMA, ni nani mwenye ruhusa ya kuliondoa.

Vifaa navyo vina zamu yake. Matofali ya udongo hufyatuliwa na kuchomwa wakati wa kiangazi. Anayetaka kujenga Januari afyatue kiangazi kilichotangulia, ayafunike yasipigwe na mvua. Mbao za mkaratusi zikipigiliwa mbichi hupindika na kuyainua mabati. Zipasue mapema, uzipange kivulini na vijiti katikati ili upepo upite. Mchanga wa mto ujaribu hivi: tia kiasi katika chupa ya kioo, jaza maji, tikisa, uiache mpaka asubuhi. Mchanga utakaa chini na tope juu yake. Tope likiwa nene, mchanga huo uoshwe au urudishwe kwa mwenyewe. Saruji inunuliwe mwisho kabisa, maana hushika unyevu na kuwa jiwe. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kwa mabati, jua kwamba geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Nambari ikipanda bati huwa jepesi, na wauzaji wengine hawana haraka ya kukueleza. Hesabu na misumari, na bati la kileleni, na mifereji ya kukinga maji. Paa lile la mita 10 kwa 7, ukilitazama kutoka juu, hupokea lita 700 mvua ikinyesha milimita 10 tu. Hayo ni mapipa matatu ya lita 200 na zaidi, kwa mvua ya alasiri moja. Kuyaacha yachimbe msingi ni kujitafutia kazi.

Maji ya kujengea pia yafikiriwe, kwa kuwa Januari visima vyetu huwa chini. Msingi na sakafu ya saruji hutaka kumwagiwa maji kila siku kwa muda wa siku 7. Nimeona wenye nyumba wawaachao watoto kazi hiyo, na sakafu ikapasuka kabla haijakanyagwa.

Mahindi yahamishwe kabla fundi hajapanda juu. Yawe yamekauka sawasawa, yapangwe juu ya mbao kwa jirani mwenye ghala zuri, na mpatane mapema atachukua nini. Wazee na watoto wajue watalala wapi, si kwa kubahatisha. Tena umuulize mama wa nyumba jiko litakuwa upande gani na moshi utatokea wapi. Fundi hatapika humo.

Na mapatano na fundi yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi: kazi ni ipi, nani ananunua misumari, fedha kiasi gani msingi ukiisha, kiasi gani kuta zikifika juu, na kiasi gani paa likifungwa. Msimpe zote mwanzoni. Mwache apime paa mwenyewe, nawe upime, mlinganishe hesabu kabla ya kwenda dukani. Mkitofautiana, pimeni tena. Ikiwa siku ya mwisho ya Januari imefika na mabati hayajakamilika nyumbani kwako, mwambie fundi ashuke, ziba nyasi pale zinapovuja, mngoje kiangazi kijacho.