Gramafoni ya Kiwango cha Juu kwa Nyumba ya Kileo

Ushauri mwingi kuhusu gramafoni za bei kubwa umeandikwa kwa watu wenye sakafu za mbao, umeme usioyumba na fundi wa mtaa wa pili. Kileo si huko. Hii ni tambarare ya Mwanga, milima ya Upare ikiwa juu yako: joto, vumbi la kiangazi, nyumba za tofali zenye sakafu ya saruji, na fundi wa mashine hizi yuko mbali. Mtu anayetoa milioni kadhaa kwa ajili ya gramafoni aanze kwa kujiuliza kama itapata sindano na vipuri miaka kumi ijayo. Umaarufu wa jina la kampuni uje baadaye.

Hatua ya kwanza: toa santuri kwenye boksi

Usiangalie mashine yoyote kabla hujajua utapiga nini. Makabati ya wazee wetu huwa na santuri za rika tatu. Kuna zile nzito zinazovunjika kama kigae, za mizunguko 78 kwa dakika. Za aina hiyo ndizo Siti binti Saad alizorekodi Bombay mwaka 1928. Kuna santuri ndogo za plastiki za mizunguko 45, ambamo nyimbo nyingi za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970, za Mbaraka Mwinshehe zikiwemo, zilifyatuliwa Nairobi. Halafu kuna santuri kubwa za mizunguko 33⅓.

Ukiwa na hizo za 78 hata chache tu, orodha yako inapungua hapo hapo. Rega Planar 3, mashine nzuri ya Kiingereza, ina kasi mbili tu: 33⅓ na 45. Technics SL-1200MK2 ya 1979, inayosifiwa na madijei dunia nzima, nayo haina 78. Technics mpya, kama SL-1200MK7 na SL-1200GR2, zina kasi zote tatu.

Angalia pia tundu la katikati. Baadhi ya santuri za 45 zina tundu pana, na bila kipande cha kuliziba zitazunguka upogo hata kwenye mashine ya dola elfu kumi.

Hatua ya pili: soma kibandiko cha umeme

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Wauzaji wa mitumba watakwambia nunua transfoma ya kushusha umeme na mambo yataisha. Hayaishi. Transfoma inabadilisha volti, hezi haizigusi. Gramafoni nyingi za zamani, na baadhi ya za sasa, zina mota inayofuata hezi za umeme. Iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikiletwa Kileo itazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake: santuri ya 33⅓ itakwenda chini kidogo ya 28, na mwimbaji atasikika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Za kutoka Japani ni za volti 100, na nchi yenyewe imegawanyika: mashariki hezi 50, magharibi 60.

Mashine ambayo kasi yake inasimamiwa na fuwele ya kwatzi ndani yake haijali hezi. Hiyo ukiipa volti sahihi inatosha. Muulize muuzaji akupigie picha ya kibandiko cha nyuma. Akisita, achana naye.

Kama nyumba inatumia sola, inveta iwe ya wimbi safi. Inveta za bei rahisi hufanya mota ingurume, na mngurumo huo unapanda hadi kwenye spika. Stabilaiza nayo weka.

Hatua ya tatu: mkanda au mota ya moja kwa moja

Mashine za mkanda zina sifa ya utulivu, kwa sababu mpira kati ya mota na sahani unameza mtikisiko. Linn Sondek LP12, iliyotoka Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1970, inaongeza springi chini ya sahani. Ni kazi ya ufundi inayostahili heshima, lakini springi hizo zinataka kurekebishwa na mtu anayezijua, na mpira haupendi joto. Mkanda wa akiba unaoagizwa Ulaya si jambo la dharura la kutatuliwa Jumamosi jioni.

Mota ya moja kwa moja haina mkanda. Sahani imekaa juu ya mota yenyewe. Technics walianza kutoa SL-1200 mwaka 1972, wakaisimamisha 2010, wakairudisha 2016. Wapenzi wa mkanda huiita mashine ya disko. Waache waseme. Kwa nyumba iliyo mbali na fundi, mimi nachagua mota ya moja kwa moja bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya nne: sindano

Sindano inakaa kwenye katriji, na za gharama kubwa kabisa nyingi ni za koili inayotembea. Sauti yake ni tamu, lakini sindano ikiisha huwezi kuichomoa. Katriji nzima inarudi kiwandani au kwa bingwa. Za sumaku inayotembea unachomoa sindano kwa vidole na kuingiza nyingine. Kwa sisi wa huku, hiyo inatosha kumaliza ubishi.

Familia ya VM95 ya Audio-Technica ina faida kubwa: mwili mmoja wa katriji unapokea sindano kadhaa. Kwa santuri za 45 zilizochakazwa na dansi, tumia yenye ncha ya duara. Kwa santuri kubwa zilizotunzwa, ncha ya duaradufu. Kwa za 78 ipo sindano yake nene, VMN95SP, kwa kuwa mfereji wa santuri hizo ni mpana zaidi. Sindano ya kawaida ndani ya mfereji huo hukwaruza chini na kuleta mchakacho mtupu.

Nunua pia mizani ndogo ya kidijitali. Sindano nyingi za santuri za plastiki hutaka uzito wa karibu gramu 2, ile ya 78 karibu gramu 5, na kukisia kwa macho ni kuharibu santuri.

Hatua ya tano: mahali

Sakafu ya saruji ni bahati ambayo wenzetu wa Ulaya wanailipia. Weka mashine juu ya meza nzito ya mninga, au rafu iliyofungwa kwenye ukuta wa tofali, mbali na spika na dirisha la jua la mchana. Kifuniko kisiwe pambo. Kiangazi kikifika vumbi la Kileo huingia hata palipofungwa. Wenye nyumba ya pili milimani, Usangi au Ugweno, wana shida tofauti, unyevu na ukungu, basi santuri zisikae sakafuni.

Za plastiki zinasafishwa kwa maji safi na sabuni laini kidogo. Zile za 78 usiziguse kwa spiriti: nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti inaiyeyusha.

Amplifaya iwe na tundu lililoandikwa PHONO. Kama halipo, nunua kisanduku chake pembeni. Waya mwembamba wa ethi usiuache ukining'inia, la sivyo utasikia mvumo.

Hatua ya sita: kuifikisha nyumbani

Ukinunua Dar es Salaam au Nairobi, toa sahani, toa uzito wa nyuma ya mkono, funga mkono, kisha panga kila kitu kwenye boksi la kiwandani. Usiiweke kwenye buti la basi. Ikipitia mpaka wa Holili, risiti iwe mkononi.

Mkiniuliza jina moja kwa mtu wa Kileo mwenye santuri za rika zote, nasema SL-1200GR2 ya volti 220 hadi 240, katriji ya VM95 na sindano tatu. Pesa itakayobaki nunua spika bora.