Maumivu ya Mfupa Uliovunjika

Mtu akianguka kutoka juu ya mwembe, au akitupwa na baiskeli penye mteremko, wale wanaomkimbilia aghalabu humwuliza neno moja: "Waweza kuutikisa?" Akijitahidi akautikisa mkono wake au mguu wake, wote hushusha pumzi na kusema kwamba mfupa ni mzima, ni maumivu tu, yatakwisha. Akipiga kelele sana, husema umevunjika. Hivyo maumivu hufanywa kuwa mizani ya kupimia mfupa. Mizani hiyo si ya kweli, na wako watu waliolemaa kwa kuitegemea.

Uko mfupa mdogo katika kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ambao mtu huweza kuuvunja kwa kuangukia kiganja, kisha akaendelea kulima au kupiga taipu kwa majuma mawili huku akisema ameteguka tu. Mfupa huo una desturi mbaya. Huuma kidogo, haufurishi mkono sana, na hata picha ya kwanza ya eksirei huenda isionyeshe ufa wake. Damu huufikia kwa njia nyembamba, na ukiachwa bila kufungwa huweza kufa sehemu yake, mkono ukabaki na udhaifu siku zote. Dalili yake ni maumivu katika kile kishimo kinachoonekana chini ya kidole gumba mtu anaponyosha kidole hicho. Kadhalika bibi kizee akianguka barazani huenda akalalamika kwamba goti lake linamwuma, wala asitaje nyonga, na kumbe ni nyonga iliyovunjika. Na kwa upande mwingine yuko kijana aliyeteguka kifundo cha mguu asiweze kukanyaga chini kwa uchungu, na picha ikionyesha kwamba mifupa yake yote ni mizima.

Wengi waliosoma shuleni habari za David Livingstone wanajua kwamba alishambuliwa na simba. Jambo hilo lilitokea mwaka 1844 mahali paitwapo Mabotsa, katika nchi ambayo sasa ni Afrika ya Kusini. Simba aliyekwisha kupigwa risasi alimrukia, akamkamata mkono wa kushoto karibu na bega, akausaga mfupa vipande vipande. Mwalimu Mwafrika, jina lake Mebalwe, alijaribu kumwokoa kwa bunduki yake lakini haikulipuka. Simba akamwacha Livingstone, akamwuma Mebalwe paja, akamwuma na mtu mwingine aliyekuja na mkuki, ndipo alipoanguka akafa kwa zile risasi za kwanza. Livingstone aliandika baadaye kwamba simba alipokuwa amemshika alipatwa na namna ya kuzubaa, akayaona yote yanayotendeka, wala asisikie maumivu wala hofu. Mfupa uliokuwa umesagika haukumwuma saa ile. Lakini haukuunga vema. Palibaki pale kitu kama kiungo cha uwongo, mfupa ukipinda mahali pasipo na kiungo, na mkono ule haukupata tena nguvu zake za zamani.

Alipokufa mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, wafuasi wake, kina Susi na Chuma, waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miguu hata Bagamoyo. Ulipofikishwa London mwezi wa Aprili, 1874, wako waliotaka hakika kwamba ni yeye. Daktari Sir William Fergusson aliutazama mfupa wa mkono wa kushoto, akaukuta ule mvunjiko wa miaka 30 iliyopita ambao haukuunga, na shaka ikaondoka.

Wako wengine waliochunguza jambo hili kwa hesabu. Katika Vita vya Pili vya Dunia daktari wa Marekani, Henry Beecher, aliwauliza askari 215 waliojeruhiwa vibaya huko Italia kama wanataka dawa ya kutuliza maumivu. Miongoni mwao walikuwamo waliovunjika mifupa mikubwa na nyama kupasuka. Robo tatu walijibu kwamba hawaitaki. Katika maelezo aliyoyatangaza mwaka 1946 Beecher alisema kwamba kwa askari jeraha lilikuwa na maana ya kuondoka vitani akiwa hai, na maana hiyo ilipunguza uchungu. Mkulima aliyevunjika mguu mvua za kwanza zinaponyesha hana faraja kama hiyo. Yeye hulala akihesabu siku za kupanda zinavyopita, na si ajabu mfupa wake ukamwuma zaidi ya ule wa askari.

Basi uchungu wenyewe hutoka wapi? Ndani ya mfupa mgumu mishipa ya fahamu si mingi. Lakini kila mfupa umevikwa ngozi nyembamba, kama mti ulivyovikwa gome, na ngozi hiyo imejaa mishipa ya fahamu. Mfupa ukivunjika ngozi hiyo huchanika. Damu hutoka katika uboho na kuvimbisha nyama. Kisha misuli iliyo karibu hujikaza kwa nguvu bila mtu kutaka, ikizivuta ncha mbili za mfupa zipandane, na kila mtikisiko huzifanya zichome nyama upya. Ndiyo maana waliovunjika husimulia kwamba mara ile walisikia mlio kama wa kijiti kikavu, wakashikwa na ganzi na kichefuchefu na jasho baridi, na uchungu wenyewe ukaja baada ya dakika kadhaa, na ulikuwa mkali zaidi kila walipoinuliwa au gari lilipopita katika shimo. Uchungu mwingi wa safari si wa mvunjiko wenyewe. Ni wa zile ncha mbili zinazochezacheza.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya maumivu, ambayo haiuzwi dukani, ni kuuzuia mfupa usitikisike. Mwenye kuifahamu hii amefahamu sehemu kubwa ya msaada wa kwanza. Kiungo kifungwe kama kilivyokutwa, bila kukivuta wala kukinyosha. Mpini wa jembe, ubao, fimbo, hata gazeti kama hili likikunjwa mara nyingi, huweza kuwa gango. Gango liwe refu la kutosha kuvishika viungo viwili, cha juu ya mvunjiko na cha chini yake, na kati yake na ngozi kitiwe kitambaa. Mkono uliovunjika huweza kutundikwa shingoni kwa kanga na kufungwa kifuani. Mguu uliovunjika huweza kufungwa pamoja na mguu mzima, nao mguu mzima ukawa gango lake. Aliyeumia shingo au mgongo asiinuliwe na watu wawili kwa mikono na miguu, kama wengi wafanyavyo kwa haraka, bali avingirishwe juu ya ubao mwili wote kwa pamoja, kichwa chake kikishikwa.

Ikiwa mfupa umechomoza nje, usirudishwe ndani. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Udongo, samadi na majani yaliyotafunwa huleta usaha na pepopunda, na mfupa ulioingiwa na usaha huweza kumsumbua mtu miaka mingi. Wala jirani mwema asimletee mgonjwa chai na uji kabla ya safari. Huenda hospitali wakataka kumpa dawa ya usingizi, na mwenye chakula tumboni ni hatari kwake kulazwa.

Faida ya gango ilionekana wazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja ya damu au zaidi huweza kumwagika ndani ya nyama pasipo tone moja kuonekana nje. Mwanzoni mwa vita, huko Ufaransa, askari waliovunjwa paja kwa risasi walichukuliwa kwa machela wakitikisika njia nzima, na hesabu za madaktari wa wakati huo zaonyesha kwamba kadiri ya watu 80 kati ya 100 walikufa. Kisha likaletwa gango la chuma lenye pete inayokaa penye kinena na vyuma viwili virefu vinavyopita chini ya unyayo, mguu ukavutwa na kufungwa humo hapo hapo penye mapigano. Katika mwaka 1917 waliokufa walipungua hata chini ya 20 kati ya 100. Gango hilo lilibuniwa na Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyekufa mwaka 1891, na aliyelitangaza jeshini ni mpwa wake, Robert Jones. Tena yafaa kukumbuka kwamba huyo Thomas alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa kienyeji wa nchi ya Wales, watu wasiosoma udaktari, ambao baba yake alishtakiwa na madaktari zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo si haki kuwacheka wazee wetu wenye kuunga mifupa. Wako wenye mikono myepesi na wenye kujua mfupa uliokaa sawa na usiokaa. Hatari yao kubwa ni kitu kimoja, nayo ni kukaza. Mathalani mtoto aangukaye kutoka mperani akavunjika karibu na kiwiko. Hufungwa vijiti na kamba kwa nguvu ili mfupa "ushike". Mkono hauna budi kufura baada ya saa chache, na kamba hailegei. Damu hukosa njia. Usiku mtoto hulia zaidi kuliko mchana alioanguka, vidole vyake huwa baridi na kupoteza rangi, na mtu mwingine akivinyosha taratibu hupiga ukelele. Misuli isiyopata damu huanza kufa baada ya saa sita hivi. Kesho yake mtoto hunyamaza, na wazazi hushukuru kwamba amepata nafuu, kumbe amenyamaza kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Baada ya miezi vidole hujikunja kama kucha za ndege wala havinyoki tena. Daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza ulemavu huu mwaka 1881, na hadi leo waletwao nao hospitalini ni watoto wengi zaidi kuliko inavyopasa, kwa maana huzuilika kwa kisu kidogo cha kukatia kamba.

Hapa, basi, maumivu hugeuka kuwa mizani ya kweli. Mfupa uliovunjika ukifungwa vema, uchungu hupungua. Ukizidi saa baada ya saa, kuna jambo. Sheria hii yahusu kamba za mzee na plasta ya hospitali vilevile. Mtu aliyewekewa plasta akarudi nyumbani, kisha uchungu ukazidi usiku, vidole vikafa ganzi au kubadilika rangi, asingoje asubuhi wala siku aliyoandikiwa. Shida ni kwamba katika makabila yetu mengi kijana amefundishwa tangu utoto kwamba kulia ni aibu. Huuma meno gizani, akapoteza mkono kwa ushujaa. Afadhali mama aviguse vidole vya mgonjwa kila baada ya muda na kumwuliza, badala ya kumngoja alalamike.

Hospitalini uchungu mkubwa ni ule wa kurudisha mfupa mahali pake. Zamani palikuwa na watu wanne wa kumshika mgonjwa na mmoja wa kuvuta. Tangu mwezi wa Oktoba, 1846, William Morton alipoonyesha mbele ya madaktari wa Boston, Marekani, kwamba etha yaweza kumlaza mtu asisikie kisu, hapana haja ya mateso hayo. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi au ya usingizi, mfupa ukawekwa sawa, picha ikatazamwa, kisha plasta. Namna ya kutumia bandeji zilizopakwa unga wa plasta ilitangazwa mwaka 1852 na Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi. Bandeji huloweshwa maji, na inapokauka hupata joto. Wagonjwa wengine hushtuka, lakini joto hilo si ugonjwa, na hupoa baada ya muda mfupi.

Baada ya siku tatu au nne uchungu mkali huisha, ukabaki mzizimo wa usiku na mwasho chini ya plasta. Wengine hujikuna kwa waya wa mwavuli, jambo ambalo limewaletea wengi vidonda. Ndani, damu iliyoganda hugeuka kuwa nyama laini, kisha gegedu, kisha mfupa mpya. Kifundo cha mkono cha mtu mzima hutaka majuma sita hivi. Muundi na paja hutaka miezi mitatu au minne, na pengine zaidi. Mtoto mdogo hupona kwa nusu ya muda huo au chini yake, na mfupa wake mara nyingine haukatiki kabisa bali hupasuka upande mmoja tu, kama kijiti kibichi.

Siku plasta inapokatwa, wengi huingiwa na hofu. Mkono huonekana mwembamba, ngozi imekauka na kutoka magamba, kiungo kimekakamaa, na ukikunjwa huuma. Maumivu haya ni ya namna nyingine. Ni ya misuli iliyolala muda mrefu, wala si ya mfupa kuvunjika tena, na hayaondoki kwa kuupumzisha mkono. Huondoka kwa kuukunja na kuukunjua kila siku kama daktari au dresa alivyoonyesha, kwanza ndani ya maji ya moto kiasi, kisha kwa kazi nyepesi kama kupepeta nafaka au kusuka ukili, hata mtu aweze tena kushika jembe.