Moto kwenye kirikuu na mzigo wa wateja: jipange kabla hujapakia

Wauzaji wa mtandaoni, leo tunaongea na ninyi mnaotoa mchele Mchombe, Mngeta na Mlimba kwa kirikuu au Noah mpaka Ifakara, ili upande basi kwenda kwa mteja wa Dar au Dodoma. Mteja ameshatuma hela. Mzigo ukiungua njiani, anayedaiwa ni wewe, siyo dereva.

Kwanza jua injini iko wapi. Kwenye kirikuu, Hiace na zile Noah za zamani, injini iko chini ya siti za mbele. Moto ukianza, unaanzia pale mlipokalia. Mara nyingi harufu inatangulia moshi. Ukisikia harufu ya petroli au plastiki inayoungua, usimwambie dereva "tutaangalia tukifika". Simameni hapo hapo.

Vinavyoleta moto vinajulikana: mpira wa petroli uliozeeka ukapasuka, oili inayodondokea eksozi ya moto, terminali ya betri iliyolegea, waya za redio na taa za ziada zilizoungwa bila fyuzi. Kwetu huku ongeza panya. Gari likilala jirani na ghala la mpunga, panya wanaingia kwenye injini kufuata joto, wanatafuna waya na kuacha majani makavu. Asubuhi, kabla ya kuwasha, nyanyua siti umulike na tochi ya simu. Dakika mbili zinatosha.

Sasa mtungi wa kuzimia moto. Magari mengi yanao kwa ajili ya kumwonyesha trafiki tu, na uko nyuma kabisa, chini ya magunia. Mtungi wa namna hiyo ni sawa na haupo. Uwe wa unga, kilo 2 ukiweza, ufungwe karibu na mlango pale mkono unapofika mtu akiwa ameshashuka. Mshale wa geji uwe kwenye kijani. Barabara ya vumbi na makorongo inaushindilia unga chini, kwa hiyo upindue na kuutikisa mara moja moja. Na ujue kuwa mtungi huo mdogo unaisha kwa sekunde kama 10 tu!

Moto ukitokea, dereva azime swichi, wote mshuke. Msifungue siti kuchungulia, maana hewa ikiingia moto unalipuka na kuwapiga usoni. Chomoa pini, lenga shina la moto kupitia upenyo wa chini au pembeni ya tairi, minya huku unayumbisha mkono kushoto na kulia. Maji usimwage kwenye petroli, yanaisambaza. Mchanga unasaidia kidogo kwa petroli iliyomwagika chini. Mtungi ukiisha na moto bado upo, ondokeni mbali, mpige 114, Zimamoto, na mzuie watu wasisogee. Msamvu pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Gunia la mchele lisikurudishe ndani ya gari.

Upakiaji nao una mambo yake. Dumu la petroli ya akiba lisikae na mzigo, wala pafyumu na rangi za kucha zisikae nyuma ya siti ya dereva. Oda za wateja 10 usizipakie zote gari moja kama unaweza kuzigawa kwa siku mbili. Piga picha ya mzigo ukiwa umeshapakiwa, namba ya gari ionekane, na daftari la oda libaki nyumbani.

Halafu bima. Ile bima ndogo waliyonayo wengi inalipa madhara ya watu wengine, hailipi gari lenyewe likiungua. Bima kubwa inalipa gari, lakini mchele wako bado haumo mpaka uwe na bima ya mzigo. Kwa magunia mawili matatu wengi hawataikata, na hatuwalaumu. Basi malizaneni na mwenye gari kabla ya safari, kwa meseji na siyo kwa mdomo: mzigo ukiungua, nani analipa kiasi gani. Na mteja umwambie siku hiyo hiyo, ukimtumia picha, kabla hajaanza kukuuliza mzigo umefika wapi.